Funguo za Akiba

Kila siku nikitoka shule nilipitia dukani kwa Baba kabla ya kwenda nyumbani. Nasema duka, lakini kilikuwa chumba kimoja chembamba kilichobanwa kati ya duka la dawa na kibanda cha kinyozi. Watu watatu wakiingia, wa nne husubiri nje. Ndani mlikuwa na mashine ya kuchongea funguo, tupa za kusugulia chuma za kila aina na harufu ya chuma kilichopata moto. Kazi yangu ilikuwa kufagia unga wa shaba chini ya mashine, kupanga makufuli na kumwamkia kila mteja kwa adabu, hata yule asiyeitikia.

Baba alikuwa na mtindo wake wa kazi. Ukimletea ufunguo akuchongee wa pili, alichonga na wa tatu, akautundika kwenye ubao wa ukutani. Aliuita ufunguo wa akiba. Hakumficha mwenye ufunguo. "Siku ukijifungia nje usivunje mlango," alimwambia, "njoo kwangu." Watu walimpenda kwa hilo, na yeye aliupenda ubao wake kupita kiasi. Nadhani kama nyumba ingeungua, angetutoa sisi kwanza, lakini angerudi kuuchukua.

Shida ilikuwa vikadi. Kila ufunguo ulifungwa kikadi chenye jina alilolibuni Baba kichwani mwake: "Mama Kikohozi", "Mlango Unaolia", "Wale wa Mbwa Mwoga". Hakuna aliyeyaelewa ila yeye. Alipougua homa wiki nzima, mteja mmoja alisimama nje ya nyumba yake tangu saa sita mchana hadi jua likazama, huku Mama akijaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine na jasho likimtoka.

Basi likizo ilipofika nikajitwika kazi. Mwandiko wangu ni mzuri. Sijisifu bure, hata mwalimu mkuu alikuwa akinipa matangazo ya shule niyanakili. Niliandika vikadi vipya arobaini na vitatu, kwa wino mweusi na herufi kubwa: jina la mtaa, namba ya nyumba, mlango wa mbele au wa nyuma. Nikavitundika vyote maandishi yakitazama nje, meno ya funguo yakielekea kushoto.

Baba aliusogelea ubao mpaka pua ikakaribia kugusa, akatabasamu. "Karani wangu!" akasema. Tangu siku ile jina likanishika, na mimi nikatembea mtaani kama niliyepewa ofisi.

Aliyenisifu kuliko wote ni Bwana Gazeti. Huyu alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, mwenye viatu vinavyong'aa, aliyekuja karibu kila siku kukaa kwenye benchi letu na kusoma gazeti lake. Hakuna aliyejua anafanya kazi gani, lakini alikuwa mpole na mcheshi, na Baba akitoka kidogo yeye ndiye aliyewaambia wateja wasubiri. "Mwandiko huu ungefaa kwenye vyeti vya serikali," aliniambia siku moja akiusoma ubao wangu mstari kwa mstari. Nilifurahi hata nikasahau kufagia.

Wizi ulianza mwezi uliofuata, shule zilipofunguliwa. Kwanza waliibiwa wa nyumba moja ya mtaa wa pili, runinga ikaondoka. Kisha kompyuta ya mwalimu mmoja aliyekuwa kazini. Wa tatu alikuwa Shangazi.

Shangazi alikuwa fundi wa nguo aliyeishi peke yake mtaa wa nyuma. Hatukuwa na undugu wa damu, lakini alinishonea sare tangu darasa la kwanza, na watoto wote tulimwita hivyo. Alitoka asubuhi kununua nyuzi. Aliporudi alikuta mlango umefungwa vizuri kama alivyouacha. Ndani, cherehani hakuna, vitambaa vya wateja na kopo la vifungo hakuna.

Hapo ndipo mtaa ulipobadilika. Watu waliozoea kusalimiana mpaka habari za kuku sasa walirushiana "habari" moja kavu na kupita. Mgeni akiuliza njia, aliulizwa yeye maswali kumi. Na kwa kuwa hakuna mlango uliovunjwa, maneno yakaanza. Nilimsikia mama mmoja kwenye duka la dawa akimwambia mwenzake, "Kasahau kufunga, sasa anatutia hofu sote." Mwenzake akashusha sauti, ambayo hata hivyo niliisikia vizuri sana. "Au kaviuza mwenyewe vitambaa vya watu. Binadamu hujui."

Mimi na Mama tulikwenda kumpa pole. Tulibisha, tukasikia kitu kizito kikiburutwa. Shangazi alikuwa ameweka meza nyuma ya mlango, mchana wa jua kali.

"Mniwie radhi," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Si cherehani inayonisumbua. Kinachonisumbua ni kwamba mwizi hakuvunja mlango. Aliingia kama mwenye nyumba, akafungua makabati yangu, akafunga, akaenda zake. Sasa kila nikisikia mtu anapita nje, nasema ndiye huyo anarudi. Na majirani wananiuliza nilifanya kosa gani."

"Hukufanya kosa lolote, dada," Mama alimwambia, akamshika mkono. Mimi nilikaa nikiangalia mahali palipokuwa na cherehani. Sakafu pale ilikuwa na rangi tofauti.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nilikuwa napangusa vumbi kwenye ubao wa Baba. Nikasimama. Funguo arobaini zilielekeza meno kushoto kama nilivyozipanga. Tatu zilielekea kulia, kama zilizotolewa na kurudishwa upesi. Nikavisoma vikadi. Mtaa wa pili. Nyumba ya mwalimu. Shangazi.

Nikahesabu siku kwa vidole: wa kwanza aliibiwa Alhamisi, wa pili Jumanne, wa tatu Alhamisi. Na Jumanne na Alhamisi, tangu mwezi ule uanze, nikiwa shuleni, Baba alikuwa akitoka dukani saa nne asubuhi, anarudi saa saba. Nilipomuuliza Mama anakwenda wapi, alisema, "Anasema anaenda kuonana na mtu." Baba, ambaye hawezi kwenda hata kununua chumvi bila kusimulia njia nzima!

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Wiki nzima nilimchunguza baba yangu kama askari anavyomchunguza mhalifu. Alipocheka niliona anajilazimisha. Aliponyamaza niliona anawaza hila. Jumatano niliufungua mfuko wake wa vifaa, nikaona bahasha ya kaki chini ya tupa. Kabla sijaigusa, mkono wake ukaichukua. "Hayo ni mambo ya watu wazima, Karani," akasema, na hakunitazama usoni. Usiku huo sikula, Mama akadhani nina malaria.

Bwana Gazeti peke yake ndiye aliyekuwa vilevile. Ijumaa alinipa karatasi ya katikati ya gazeti, yenye mafumbo ya watoto. "Hivi nyumba namba ishirini na mbili," aliniuliza, "ndiyo ile yenye maua ya njano, ya muuguzi?" Nikasema ndiyo. Nilishukuru kupata mtu wa kuzungumza naye mambo ya kawaida.

Jumamosi asubuhi tulisikia kelele. Tulitoka mbio, Baba mbele, mimi nyuma yake. Mbele ya uwanja wa taka watu wapatao thelathini walikuwa wamemzunguka Mzee Gunia. Huyu alikuwa mwokota chupa, mtu wa maneno machache, anayepita kila asubuhi na gunia mgongoni. Ndani ya gunia lake walikuwa wamekuta kopo la vifungo la Shangazi.

"Niliokota jalalani," alikuwa akisema. "Niliokota, ndugu zangu, naapa."

"Mwizi hana undugu!" mtu akapiga kelele. Kofi likatua. Kisha kipande cha ubao kikainuliwa, na damu ikamtoka Mzee Gunia kwenye paji la uso.

Baba alipenya katikati, akasimama mbele yake na kutanua mikono. "Mwacheni! Huyu siye. Milango haikuvunjwa. Huyu ufunguo angeupata wapi?"

"Wewe umejuaje kwamba siye, Fundi?" akauliza kijana mwenye ubao. "Au unamjua mwenyewe?"

Baba alizidi kutanua mikono. Watu wakatazamana. Swali lile lilikuwa langu mimi. Umejuaje, Baba?

Ndipo Shangazi alipotokea akikimbia, kitambaa cha kichwa kimemdondoka. "Mimi ndiye niliyeibiwa!" alilia. "Mimi, na sijamtuma mtu kumpiga mtu! Mnataka kuniongezea na damu juu ya msiba wangu?" Watu wakarudi nyuma hatua moja. Hatua moja tu. Lakini ilitosha kwa gari la polisi, ambalo mwenye duka la dawa alikuwa amelipigia simu, kufika.

Akashuka askari wa kike mwenye sauti ya taratibu. Alimfunga Mzee Gunia kitambaa kichwani kwanza, maswali baadaye. "Anakwenda hospitali," alisema. "Halafu tutachunguza. Mwenye habari aje aniambie mimi, asiuambie umati."

Mzee Gunia alipokuwa akipandishwa garini alinitazama. Hakunituhumu, hakuniomba. Alinitazama tu kwa kuwa nilikuwa mbele yake. Niliona nikinyamaza, huyu atafungwa, au atauawa siku nyingine. Nikisema, baba yangu ndiye atakayepandishwa gari lile. Nililia kabla ya kusema. Kisha nikamvuta yule askari mkono.

"Afande, funguo zilitoka dukani kwetu."

Hakupiga kelele, wala hakuniuliza mbele za watu. Alimwacha askari mwenzake aende na mgonjwa, akaniambia tutembee naye. Nilimweleza kila kitu: meno ya funguo, siku, saa, bahasha. Nilipomaliza alisema, "Umefanya vyema. Sasa usiuguse ubao ule." Akamwita Baba na Mama, tukaingia dukani, akafunga mlango.

"Fundi, Jumanne na Alhamisi huwa uko wapi?"

Baba alinitazama, kisha akaitoa ile bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki ya macho yenye mihuri ya tarehe na saa. "Macho yangu yanapungua," alisema polepole. "Fundi wa funguo asiyeona meno ya ufunguo, nani atamletea kazi? Nilitaka kupona kimyakimya." Mama akashika kinywa. Mimi niliona aibu na furaha kwa pamoja, na sijui ipi ilikuwa kubwa.

"Na ukiondoka, duka unamwachia nani?" Afande akauliza.

"Hakuna wasiwasi. Bwana Gazeti huwa..." Baba hakumaliza. Alikaa kwenye benchi, pale pale alipozoea kukaa yule bwana. "Mungu wangu. Nimemkabidhi fisi bucha."

Nikakumbuka maua ya njano. Nikasema. Afande akaandika, kisha akauliza swali nililoliogopa. "Anwani hizi ukutani aliandika nani?"

"Mimi," nikasema.

"Na mimi ndiye niliyemsifu," Baba akadakia upesi. "Na funguo ni zangu. Mtoto asibebeshwe mzigo wangu."

Afande alitikisa kichwa. "Kosa halimfanyi mtu kuwa mwizi. Lakini mliacha milango arobaini na mitatu wazi ukutani, na ramani juu yake. Ufunguo wa mtu ni wa mwenyewe. Kama ni lazima ukae kwingine, usikae na anwani."

Tulikubaliana na Afande kuishi kama kawaida ili Bwana Gazeti asishtuke, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Jumatatu Bwana Gazeti alinisalimia, nikamwitikia kwa adabu na kuendelea kufagia. "Afadhali wamemkamata yule mwenye gunia," alisema akifungua gazeti. "Mtaa sasa utapumua." Mzee Gunia alikuwa bado hospitali, na Afande hakuwasahihisha waliodhani yuko rumande.

Alhamisi Baba aliondoka saa nne kama kawaida yake. Saa tano Bwana Gazeti alifika nyumba namba ishirini na mbili, gazeti kwapani, akafungua mlango kwa ufunguo wa akiba. Hata viatu alivifuta mlangoni. Sebuleni alikuta askari wawili wamekaa, kwa ruhusa ya muuguzi mwenye nyumba. Wanasema aliwaamkia.

Cherehani ya Shangazi ilipatikana kwenye chumba alichokodi Bwana Gazeti, pamoja na runinga na kompyuta. Vitambaa vingi vilikuwa vimekwishauzwa, na kopo la vifungo alikiri kwamba alilitupa jalalani. Watu walidhani basi, yamekwisha. Afande hakudhani hivyo. Alimpeleka Shangazi kwa mshauri, aliyekuwa akionana na waliofanyiwa uhalifu kila wiki kwenye chumba kidogo pale kituoni, na akatuambia sisi majirani, "Kitu kikirudi, hofu hairudi nacho ilikotoka. Msimwache peke yake." Kwa hiyo kila jioni nilifanyia kazi zangu za shule mezani kwa Shangazi, na Mama na majirani wengine walipokezana asubuhi. Wiki ya kwanza aliangalia mlango kila dakika. Wiki ya nne alinikaripia kwa kudondosha wino, nikajua anapona. Kati ya wale mama wa duka la dawa, mmoja alikuja kuomba radhi. Wa pili bado anapita upande ule mwingine wa njia.

Baba alizitoa funguo zote ukutani. Tulikwenda naye nyumba hadi nyumba, yeye na sanduku la vifaa, mimi na orodha. Kwenye kila mlango alisema maneno yaleyale: "Funguo zilizotumiwa kuwaibia majirani zilitoka kwangu. Nimekuletea wako, na ukipenda nitakubadilishia kitasa." Wengine walimshukuru. Mmoja alimfokea mbele ya watoto wake, na Baba akasimama akasikiliza mpaka mwisho. Hospitali tulikwenda mara mbili. Mzee Gunia alituuliza tu kama Shangazi amepata vitu vyake.

Kitasa cha mwisho tulikibadilisha Jumapili. Baba alikuwa na miwani mipya, na njiani alisoma kila kibao tulichopita kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi nilikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia.

"Baba, siku ile nilipomwambia Afande, sikujua kwamba ni Bwana Gazeti. Nilidhani ni wewe."

Alisimama. Akaliweka sanduku chini, akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Ulidhani ni mimi, na bado ukasema?"

"Walikuwa wanampiga Mzee Gunia, Baba."

Niliona ameumia, na hakuficha. "Imeniuma," alisema. "Sitakudanganya. Lakini mwenye kuficha asilalamike akishukiwa, nami nilificha. Sikiliza, mwanangu. Kushuku si dhambi. Wale wenye mbao walichukua shaka wakaifanya hukumu. Wewe uliifungia moyoni wiki nzima, na mtu akatoka damu. Njia zote mbili si njia. Shaka huulizwa. Niulize mimi, na ukiniogopa mimi, mwambie mama yako, mwalimu wako, au polisi."

"Nisamehe, Baba."

"Kwa kunyamaza, nimekusamehe. Kwa kusema, usiombe radhi, hata kwangu. Ungemwacha maskini yule aumie ili mimi nipone, ningekuwa nimenusurika, lakini ningekuwa nimekulea vibaya."

Akavaa miwani, akalichukua sanduku kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akanishika wangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu niingie darasa la tano, tukaenda nyumbani.